Usianze na usiku wa tukio

Ukikabidhiwa jalada lako la kwanza la mwanamke aliyeshtakiwa kwa kuua, utalisoma kuanzia usiku wa tukio, maana ndivyo lilivyoandikwa. Saa tano usiku, jikoni, panga au mchi, marehemu, maelezo ya onyo aliyoyatoa polisi, basi. Nami nilipoingia kwenye msaada wa kisheria nilikwenda hivyo mwaka mzima, nikiwauliza swali ambalo polisi walishawauliza: kwa nini ulimuua? Wengi hunyamaza. Wengine husema "shetani alinipitia", nami nikaandika hivyohivyo.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aliyekuwa mahabusu kwa kumuua mumewe. Tulikaa kwenye benchi, askari magereza wa kike hatua chache kutoka kwetu. Nilikuwa nimeshafunga faili niondoke, ndipo nikamuuliza ule mkono wake uliopinda uliumia lini. Akautazama kama si wake. "Huu ni mwaka aliozaliwa wa pili," akasema. Kisha akaendelea mwenyewe: jino lilitoka akiwa na mimba ya wa tatu, kovu la kichwani ni la wiki ile mtoto mkubwa alipoanza shule. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiihesabu kwa majeraha. Kwenye jalada hapakuwa na hata neno moja la hayo.

Kwa hiyo muulize siku ya kwanza aliyopigwa, halafu tafuta karatasi. Mara nyingi utakuta aliwahi kwenda kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ili atibiwe, au alipeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa au baraza la usuluhishi la kata, akaambiwa arudi akavumilie. Arudi, wakati kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu! Tafuta karatasi hizo mapema, madaftari hupotea.

Utazihitaji kwa sababu sheria yetu ya kughadhibishwa haimfai sana mwanamke wa namna hii. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu kinashusha kosa hadi kuua bila kukusudia pale mtu anapoua kwa hasira ya ghafla, kabla haijapoa. Humfaa anayejibu pigo papo hapo. Aliyezidiwa nguvu miaka kumi hawezi kujibu papo hapo. Husubiri mtu alale, na kule kusubiri ndiko upande wa mashtaka utakakosema ni kukusudia. Adhabu ya kuua kwa kukusudia bado ni kunyongwa. Uingereza walikwama hapohapo. Mwaka 1989 Kiranjit Ahluwalia alimchoma moto mumewe akiwa kitandani, baada ya miaka ya mateso, akahukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa yake ya 1992 ilikubaliwa, ila hoja ya kughadhibishwa ilikataliwa. Kilichomwokoa ni ushahidi wa madaktari juu ya hali yake ya akili, ambao kesi ya kwanza haikuusikia. Sharti la ughafla walikuja kuliondoa kwa sheria ya 2009. Kwetu lipo, hivyo ukiona dalili za ugonjwa wa akili usingoje rufaa. Iombe mahakama mapema impeleke mshtakiwa Isanga, taasisi ya afya ya akili iliyoko Dodoma, akachunguzwe.

Binti aliyejifungulia chooni peke yake na mtoto akafa, msomee kifungu cha 199. Mama anayesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa haijatulia kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha, ana kosa lake la pekee, na adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Nimewakuta mabinti wa aina hiyo wameshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, na miezi imepita.

Lakini jihadhari na kumgeuza kila mwanamke kuwa mwathirika. Hapa Arusha, mwaka 2011, mahakama ya kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji. Alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake. Wapo pia wanaoua kwa ajili ya mali, na wapo wanaotesa watoto wa kambo hadi kufa. Wachache hao walikuwa na akili timamu na nafasi ya kuacha walipoua. Ukimpamba mmoja wa hao mbele ya jaji, unamharibia yule atakayefuata ambaye kweli alikuwa akijiokoa. Sikiliza kwa huruma, na kila neno likathibitishwe.

Nenda hata kwa wafiwa, ukiongozana na afisa ustawi wa jamii, wala usimwombe mtu msamaha kwa niaba ya mteja wako. Wao nao wana mtoto waliyemzika. Mimi niliogopa kwenda, nikaenda kwa kuchelewa sana. Mama wa marehemu alinikaribisha kigoda, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na PF3 mbili za mkwewe, zimekunjwa mara nne. Mara zote mbili, yeye ndiye aliyempeleka hospitali.