Nafasi Iongezwe Mwili Ulipo: Kwa Fundi Anayeanza Kurekebisha Pateni

Mwaka wangu wa kwanza kwenye cherehani nilimshonea mama mmoja gauni la sherehe. Kifua chake kilikuwa inchi 44, nikachukua pateni, ile karatasi ya kukatia nguo, ya 44, nikakata. Alipolivaa, kifua kilienea vizuri, lakini mabega yalimshuka hadi mikononi, shingo ikabaki wazi, na chini ya kwapa kitambaa kikajikusanya kama mfuko. Nikabana ubavuni, kifua kikakaza. Nikaachia, mfuko ukarudi. Niliufumua mshono ule mara tatu mpaka kitambaa kikaanza kuachana kwenye matundu ya sindano, na mwishowe nikamnunulia kitambaa kingine. Kosa halikuwa ubavuni hata kidogo. Lilikuwa kwenye karatasi, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Basi wewe unayeanza, ukichukua neno moja kwangu, liwe hili: nafasi iongezwe pale mwili ulipo. Mwili haujai sawasawa pande zote kama puto. Mwenye kifua kikubwa anahitaji kitambaa mbele tu, si mgongoni wala mabegani. Mwenye tumbo anahitaji mbele pia, tena anahitaji urefu, si upana peke yake. Mwenye makalio anahitaji nyuma. Mshono wa ubavuni uko katikati ya hao wote, na kila ukiugusa unawagawia mbele na nyuma kwa pamoja, wakati mwenye haja ni mmoja tu.

Usiiogope saizi iliyoandikwa juu ya pateni, wala usiiamini kupita kiasi. Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Massachusetts, ndiye aliyeanza mwaka 1863 kuuza pateni za karatasi za saizi mbalimbali, na tangu hapo biashara hiyo imekwenda kwa kukisia mwili wa wastani. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake wapatao 15,000 ili kutafuta vipimo vya kutengenezea nguo, na matokeo yakachapishwa 1941. Vipimo vya wanawake wasio weupe viliachwa nje ya hesabu. Ninakuambia haya ili mteja akisimama mbele yako akisema “mimi sina saizi”, ujue kwamba ni saizi iliyoshindwa kumfikia. Yeye hana kasoro.

Tuanze na kupima, maana hapo ndipo wengi wanaharakisha. Mpime mteja akiwa amevaa nguo ya ndani atakayovaa na hiyo nguo. Mfunge uzi au lastiki kiunoni, kisha mwambie ainame kidogo upande mmoja na mwingine. Uzi utakaa wenyewe pale kiuno kilipo, na urefu wote utaupima kutoka hapo. Aangalie mbele. Akiinamisha kichwa kutazama futikamba, urefu wa mbele unapungua na wa mgongo unaongezeka, nawe utaandika uongo bila kujua.

Vipimo vya kifua viwe viwili. Cha kwanza ni kifua cha juu, futikamba ikipita chini ya kwapa na juu ya matiti, iliyokaza kiasi. Cha pili ni kifua chenyewe, mahali kilipojaa. Saizi ya pateni ya nguo ya juu ichague kwa kifua cha juu, kwa sababu hicho ndicho kinachofuata mifupa: mabega, shingo, upana wa mgongo. Sehemu hizo ni ngumu kurekebisha, kifua ni rahisi. Mimi nilifanya kinyume kwa yule mama, nikapata kifua kilichotosha kwenye mabega ya mtu mwingine.

Pima pia kutoka bega hadi ncha ya kifua, kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni kwa nyuma, unene wa mkono wa juu, na urefu wa bega. Kwenye nyonga usiandike mzunguko tu. Andika na umbali kutoka kiunoni hadi pale zilipojaa, kwa sababu mmoja hujaa inchi 7 chini ya kiuno na mwingine inchi 10, na skati ya yule haimkai huyu. Kisha pima bega la kulia na la kushoto kila moja peke yake. Utashangaa ni watu wangapi hawalingani.

Sasa twende mezani na karatasi. Chukua mteja mwenye kifua cha juu inchi 38 na kifua inchi 42. Tofauti ni inchi 4. Pateni nyingi za kununua zimechorwa kwa tofauti ya inchi 2, kwa hiyo utachagua pateni ya kifua cha 40, nayo itapungukiwa inchi 2. Mbele inakatwa kwa kukunjwa, yaani karatasi yako ni nusu, hivyo utafungua inchi 1 tu. Wageni wa kazi hufungua inchi 2 zote, na nguo inatoka na inchi 2 zisizo na mwenyewe.

Weka karatasi juu ya mwili wa mteja na utie alama mahali ncha ya kifua ilipo kweli. Kutoka pindo chora mstari uende juu sambamba na mstari wa uzi, ule unaoonyesha nyuzi za urefu wa kitambaa zinakoelekea, hadi kwenye hiyo alama, halafu uukunje kuelekea kwapa, uiguse theluthi ya chini ya mkato wake. Chora mwingine kutoka ubavuni kupitia katikati ya dati, ile pembe inayobana kitambaa kielekee kifuani, hadi karibu kabisa na ncha. Kata mstari wa kwanza kutoka chini, uishie pumzi moja kabla ya mshono wa kwapa ili karatasi ibaki imeshikana pale kama bawaba. Kata na wa pili. Sasa sogeza kipande cha ubavuni taratibu mpaka kingo za ufa wa wima ziachane inchi 1 na zisimame sambamba. Angalia kinachotokea kwenye dati: inafunguka yenyewe, inakuwa pana zaidi, bila wewe kuipigia hesabu. Siku niliyoliona hilo kwa macho yangu ndiyo siku niliyoacha kuogopa karatasi.

Kipande cha ubavuni sasa kimeshuka kuliko cha katikati. Kata kipande cha katikati kwa mlalo, chini ya kifua, ukishushe hadi pindo zilingane, uzibe pengo kwa karatasi na gundi. Huo ndio urefu wa ziada ambao kifua kikubwa hudai, na ndio unaokosekana kwenye magauni yanayopanda mbele. Ncha ya dati irudishe nyuma inchi 1 kutoka ncha ya kifua, na kwa kifua kilichojaa sana hata inchi 1 na nusu, la sivyo itachongoka. Mwisho kunja dati kama itakavyoshonwa, ukielekeza mkunjo chini, na ukate ukingo wa ubavuni ikiwa bado imekunjwa. Ukisahau hatua hii mshono wa ubavuni utakuwa na pengo kama jino lililong’oka. Linganisha ubavu wa mbele na wa nyuma kwa futikamba. Dati ikiwa imefungwa, lazima zilingane.

Kiuno nacho kimepanuka kwa inchi 1 kila upande. Kama nguo inabana kiunoni, zichukue kwenye dati ya kiuno. Kama ni ya kuachia, ziache.

Ukishaielewa kazi hiyo moja, nyingine nyingi ni ndugu zake. Tumbo linafunguliwa mbele vilevile, na kiuno cha mbele kinapandishwa ili pindo la skati lisiinuke. Mtu mrefu au mfupi hurekebishwa kwenye mistari ya mlalo ya kurefushia na kufupishia iliyo ndani ya pateni, juu au chini ya kiuno kutegemea urefu wake umekaa wapi. Ukimfupishia pindoni, kiuno cha nguo kitabaki kwenye nyonga zake. Bega lililoshuka linaonyesha mikunjo ya mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani: shusha ncha ya bega, kisha ushushe na sehemu ya chini ya kwapa kwa kiasi hichohicho ili mkato ubaki na mzunguko wake.

Mgongo unahitaji jicho kali zaidi. Ukiona mikunjo ya mlalo juu ya makalio, wengi watakuambia mgongo umebonyea, punguza. Subiri. Achia kwanza mshono wa nyonga kila upande. Mikunjo ikitoweka, mgongo hauna neno: nguo ilikuwa inabana nyonga, ikapanda kutafuta mahali pembamba pa kukaa. Mikunjo ikibaki, hapo kweli nyuma ni ndefu. Bana kitambaa kwa pini katikati ya mgongo, sema robo tatu ya inchi, ukimalizie kwa sifuri kwenye mishono ya ubavuni, kisha fanya vivyo hivyo kwenye karatasi na unyooshe upya mstari wa uzi. Nimeona nguo nzuri zikiharibiwa kwa kupunguzwa mgongo wakati zilikuwa zinaomba nyonga.

Halafu kuna kwapa, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Mteja akisema “nikiinua mkono gauni zima linapanda”, mkono wako utataka kuchimba kwapa liwe la chini zaidi. Usichimbe. Kadiri kwapa la nguo linavyoshuka ndivyo umbali kutoka kiunoni hadi hapo unavyopungua, na mkono ukiinuka unaondoka na nguo yote. Kwapa lililo juu, kiasi cha inchi 1 chini ya kwapa la mwili kwa nguo iliyokaa vizuri, ndilo linaloachia mkono uende. Kama tatizo ni mkono mnene, rekebisha karatasi ya mkono: kata mstari mmoja wima katikati na mwingine mlalo pale mkono ulipojaa, uache bawaba kwenye ncha zote nne, uvute pande mbili. Upana unapatikana, kichwa cha mkono, ule upinde wa juu unaoshonwa kwenye kwapa, kinashuka kidogo, na mzunguko wake unabaki uleule, kwa hiyo bado unaingia kwenye kwapa lilelile.

Suruali ina lugha yake. Mistari ya kukaza inayotawanyika kutoka msambani kama miale inasema ncha ya msamba ni fupi: iongeze upande wa ndani wa paja. Suruali inayoshuka nyuma mtu akikaa inasema nyuma ni fupi: kata karatasi ya nyuma kwa mlalo kwenye nyonga, uifungue katikati, uimalizie kwa sifuri ubavuni. Kanuni ni ileile. Mkunjo uliokazwa unaonyesha kwa kidole mahali palipopungukiwa, na mkunjo uliolegea unaonyesha palipozidi.

Hayo yote yajaribu kwenye kitambaa cha amerikani kabla ya kitambaa cha mteja. Kisiwe cha kuvutika kama nguo yenyewe haivutiki. Acha nafasi ya mshono ya inchi 1, piga bandi ndefu zinazofumuka kwa kuvuta uzi mmoja, na chora kwa kalamu mstari wa kiuno na wa katikati ya mbele. Mteja akivaa, anza mabegani. Bega likikaa vibaya, kila unachokiona chini yake ni cha kubabaisha. Rekebisha kitu kimoja, tazama tena, ndipo ushike cha pili. Mwambie akae, anyooshe mikono mbele, apande ngazi kama zipo. Mtu haishi akiwa amesimama wima mbele ya kioo.

Na chunga ulimi wako. Usisome vipimo kwa sauti mbele ya watu, wala usiseme “mgongo wako una tatizo”. Sema “pateni hii haijafika mgongoni”. Huo ndio ukweli wenyewe, na mtu aliyeambiwa hivyo hulegeza mabega akasimama kama anavyosimama siku zote, nawe ukapata kipimo cha kweli. Mwenye aibu huvuta tumbo ndani na kujinyoosha, na nguo aliyopimiwa hivyo haitamkaa akifika nyumbani.

Nina dada mmoja mteja wangu ambaye uti wake wa mgongo umepinda tangu utotoni. Bega lake la kushoto liko inchi 1 chini ya la kulia na nyonga moja imetokeza. Pateni yake haikunjwi: mbele nzima, nyuma nzima, kila upande una mstari wake, na nimeandika KULIA na KUSHOTO kwa kalamu nyekundu kwa sababu karatasi iliyogeuzwa kimakosa ni kitambaa kilichopotea. Jaribio la kwanza lilichukua nguo tatu za amerikani. Nguo ya tatu alipoivaa, alishika mshono wa katikati ya mgongo kwa vidole akaufuata kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha akageuka pembeni mara mbili kwenye kioo bila kusema kitu. Pateni hiyo iko ukutani kwangu, imeandikwa tarehe na vipimo. Kila akija ninampima upya kabla ya kuishusha.