Programu haiingii kwenye kompyuta za ofisi

SWALI: Shikamoo dada. Nasimamia kompyuta za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro, makao makuu na matawi. Zote ziko kwenye Active Directory, yaani domeni ya Windows inayosimamia kompyuta na akaunti za ofisi kutoka sehemu moja. Nataka kila moja iwe na kivinjari cha Firefox kinachofungukia mfumo wetu wa mikopo na kisichotunza nywila za wafanyakazi. Faili la MSI, yaani kisakinishi chake, nimeliweka kwenye diski Z ya seva, nikalisambaza kwa Group Policy, sehemu ya kutuma mipangilio na programu kwa kompyuta zote za domeni. Mimi nikilibofya linakubali, ila kompyuta zikiwashwa hakuna kinachoingia. Na zile nilizosakinisha kwa mkono, watu wameshabadilisha mipangilio yote. Nifanyeje?
Fundi wa SACCOS, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hayo ni matatizo mawili, tuyatenganishe.

Diski Z ni yako wewe uliyeingia kwa akaunti yako. Programu iliyopangiwa kompyuta husakinishwa mashine inapowaka, kabla mtu yeyote hajaingia, na saa hiyo Z haipo. Futa mpango wa usambazaji uliouweka kwenye Group Policy, uuandike upya kwa njia kamili ya mtandao, mfano \\seva\programu\firefox.msi. Kisha lipe kundi la Domain Computers, yaani kompyuta zote za domeni, ruhusa ya kusoma, kwenye kushiriki folda na kwenye folda yenyewe, maana anayekuja kuchukua faili ni kompyuta, si wewe. Washa pia sera inayoiamuru Windows isubiri mtandao inapowaka. Bila hiyo, mashine huwahi kuwaka kabla mtandao haujawa tayari na usakinishaji unapitwa.

Sasa mipangilio. Usiifungashe ndani ya kisakinishi, wala usinakili wasifu wa mtumiaji kutoka mashine hadi mashine. Tangu Firefox 60, iliyotoka 2018, kivinjari hiki kinasoma sera za ofisi moja kwa moja. Pakua violezo vya ADMX vya Firefox, yaani faili zinazoionyesha Group Policy mipangilio ya Firefox, uviweke kwenye folda ya PolicyDefinitions ndani ya SYSVOL, folda ya seva inayoshirikiwa na domeni nzima, na mipangilio yake itatokea humo humo kwenye Group Policy. Siku mfumo wenu wa mikopo ukihamia anwani mpya, unabadilisha mstari mmoja tu, husakinishi chochote upya. Kama kuna laptopu ya afisa mikopo isiyo kwenye domeni, iandikie faili la policies.json, uliweke kwenye folda iitwayo distribution, kando ya firefox.exe.

Funga yale yanayolinda fedha za wanachama: ukurasa wa mwanzo, na utunzaji wa nywila uuzime kabisa. Ukubwa wa maandishi na alamisho waachie wenyewe. Mhasibu anayesoma tarakimu kutwa nzima ana haki ya kukuza herufi zake, na ukimbana kwa hilo atatafuta kivinjari kingine usichokisimamia.

Nakusihi pia, usizime masasisho ili kuokoa bando. Kivinjari hicho ndicho mlango wa akiba za watu. Chukua toleo la ESR, lile la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu kwa ajili ya ofisi: mabadiliko makubwa huja kama mara moja kwa mwaka, katikati yake ni marekebisho ya usalama na hitilafu.

Anza na mashine chache, mojawapo iwe ya tawini kwenye mtandao wa polepole. Ikishawaka, fungua Firefox uandike about:policies. Sera zilizoshika utaziona hapo, na uliyoikosea itaorodheshwa kwenye sehemu ya makosa.