Jibu: Dogo anabanwa kifua akishamaliza kukimbia
Salama mkuu. Umesema dogo anapanda kilima cha Capri Point hapo Mwanza bila shida, ila akisimama tu ndiyo kifua kinabana na kikohozi kinaanza.

Kwanza angalia saa. Pumu ya mazoezi mara nyingi hushika dakika 5 hadi 10 baada ya kusimama, halafu huachia yenyewe ndani ya saa moja. Yangu iko hivyohivyo. Ukihema kwa mdomo, njia za hewa hukauka na chumvi ya pale huzidi. Seli za kinga ziitwazo masti zinashtuka, zinamwaga kemikali ziitwazo histamini na lukotrieni, misuli ya njia za hewa inakaza. Eosinofili, seli nyingine za kinga, zikiwa nyingi, ndiyo hubana zaidi.

Apashe mwili kwa vipande vifupi vya mbio kabla ya kupanda mlima. Salbutamol ya kuvuta, kama daktari ameiandika, aivute dakika 10 hadi 15 kabla. Akiihitaji kila siku, aulizie steroidi ya kuvuta, maana salbutamol hufungua njia tu, uvimbe haiutulizi. Kuogelea hakubani kifua sana kwa sababu hewa ya pale ina unyevu, ila Ziwa Victoria lina kichocho, simshauri.

Kama ni pumu kweli siwezi kusema kwa kusoma uzi. Apime pumzi kwa spairometa kabla na baada ya kukimbia.