Maswali ya wasomaji: Tovuti ya biashara ndogo

Safari hii tumechagua barua nne kuhusu tovuti. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu tatizo lake linawakuta wafanyabiashara wengi na lingeweza kuzuiwa siku ya kwanza.

Ndugu wataalamu, kijana aliyenitengenezea tovuti ya duka alinunua jina na kila kitu kwa akaunti yake. Wiki iliyopita tovuti imezimika, na kijana simu hapokei. Jina linaishia na .com. Ndiyo nimelipoteza? (Muuza samani, Mwanza)

Pole sana ndugu. Bado hujalipoteza, ila usichelewe. Anza kwa kujua kilichozimika, maana tovuti ina bili mbili: ya jina, yaani anwani yake, na ya seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa na picha. Fungua anwani yako kwenye simu usome kilichoandikwa. Ukikuta "Account Suspended", jina liko hai na seva ndiyo imefungwa, mara nyingi kwa deni. Ukikuta NXDOMAIN (ujumbe kwamba jina halipatikani), au ukurasa wa matangazo usiyoyajua, tatizo liko kwenye jina.

Kisha andika jina lako kwenye huduma yoyote ya whois, yaani ya mtandaoni ya kutafuta taarifa za jina. Tafuta vitu vitatu: msajili (kampuni lilikosajiliwa jina), tarehe ya kuisha na hali ya jina. Mmiliki huenda asionekane, kwani taarifa za wenye majina ya .com siku hizi hufichwa, lakini msajili huonekana. Jina la .com likipitisha tarehe halifutwi siku hiyo hiyo. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, na mara nyingi katika muda huo unalihuisha kwa bei ya kawaida. Wengine huanza kulinadi kabla ya hapo, kwa hiyo usikae kuhesabu siku. Hali ikisomeka redemptionPeriod, una siku 30 za kulikomboa, na utalipa ada kubwa juu ya bei ya kawaida. Ikisomeka pendingDelete, zimebaki siku 5 ambazo hakuna anayeweza kulirudisha; baada ya hapo atakayewahi ndiye atakayelinunua. Majina ya .co.tz na .co.ke yana ratiba zake, hesabu hii usiipeleke huko.

Mwandikie msajili ukiambatanisha leseni ya biashara na kumbukumbu za miamala uliyomlipa kijana. Uliza pia kama anapokea malipo ya kuhuisha kutoka kwa mtu asiye na akaunti, maana wapo wanaokubali. Hata hivyo, msajili humtambua aliyeandikwa kwenye akaunti, si aliyetoa fedha. Ndiyo maana tunakushauri umtafute kijana kwa upole, hata kupitia jamaa zake, umwombe jambo moja tu: aingie kwenye akaunti yake ya msajili na kulisukuma jina kwenye akaunti yako utakayofungua kwa msajili huyo huyo. Mara nyingi hiyo ni kazi ya dakika chache. Kulihamishia kwa msajili mwingine kunahitaji kufuli inayozuia jina kuhamishwa iondolewe na msimbo wa uhamisho utolewe, na kunaweza kuchukua siku 5 au zaidi.

Akiwa bado anakusikiliza, mwombe nakala ya tovuti. Kama imejengwa kwa WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), nakala ina sehemu mbili: mafaili yaliyo ndani ya folda ya public_html, na hifadhidata, yaani faili linaloishia na .sql. Mafaili matupu hayatoshi. Majina ya makochi yako, bei na maelezo yake vyote viko kwenye hifadhidata.

Kwa mnaoanza sasa: fundi ajenge, lakini jina na seva vinunuliwe kwenye akaunti zenu, kwa barua pepe yenu na namba yenu ya simu. Na barua pepe hiyo isiwe ya jina hilo hilo. Ukisajili fanicha.com kwa kutumia info@fanicha.com, siku jina likifa barua pepe nayo inakufa, na ujumbe wa kubadili nywila hautakufikia.

Nauza vitenge na magauni. Wateja wanasema tovuti yangu inachelewa kufunguka na inakula bando. Fundi anataka nilipie seva kubwa zaidi. (Mshonaji, Arusha)

Dada, usilipe kwanza. Kwa duka la nguo, tunashuku picha kabla ya seva. Picha ya simu janja ya kawaida ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa MB 3 hadi 5. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unaweza kufika MB 40, na mteja aliyenunua bando la siku hatasubiri. Kuvuta kona ya picha ndani ya kihariri ili ionekane ndogo hakusaidii kitu, faili linalopakuliwa linabaki na uzito ule ule.

Punguza picha kabla ya kuipandisha. Upana wa pikseli 1,200 unatosha picha ya bidhaa, na 600 inatosha zile ndogo za kwenye orodha. Hifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), au JPEG yenye ubora wa 75. Squoosh hufanya kazi hiyo ndani ya kivinjari bila malipo. Lenga KB 100 hadi 200 kwa picha. Kwenye kitenge ubora usishuke sana chini ya 70, kwa sababu maua madogo na mistari myembamba huanza kuvurugika, na mteja anayenunua kwa macho anahitaji kuiona nakshi sawasawa.

Ondoa pia zile picha zinazojizungusha juu ya ukurasa wa kwanza, weka moja nzuri. Halafu pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, upande wa simu: kipimo cha LCP, yaani muda wa kuonekana kitu kikubwa zaidi cha ukurasa, kikiwa ndani ya sekunde 2.5, uko vizuri. Kama picha zimeshapungua na seva bado inachelewa kujibu, hapo fundi wako atakuwa na hoja.

Kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti yangu kinasema namba si sahihi, na namba ni yangu! (Muuza vipuri, Tanga)

Sifuri ya mwanzo ndiyo inayoponza wengi. Kiungo kinaandikwa https://wa.me/ kisha 255 na tarakimu 9 za namba yako, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Jumla ziwe tarakimu 12. Kijaribu kwa simu ambayo haijahifadhi namba yako.

Wageni wanajaza fomu ya kuomba bei za safari, lakini ujumbe unaangukia kwenye taka au haufiki kabisa. (Mwongoza watalii, Zanzibar)

Angalia sehemu ya "From" katika mipangilio ya fomu. Mara nyingi huwekwa barua pepe ya mgeni mwenyewe, hivyo seva yako inatuma ujumbe unaodai umetoka Gmail au Yahoo wakati haukutoka huko. Seva ya mpokeaji ikikagua inaweza kuukataa au kuutupa kwenye taka. Kwenye "From" weka barua pepe inayotumia jina la tovuti yako, na ya mgeni iwe kwenye "Reply-To". Ukibonyeza kujibu, jibu litamwendea yeye.

Pili, tumia plagini (kiongezo cha tovuti) ya SMTP, njia ya kawaida ya kutuma barua pepe, ili fomu itume kupitia sanduku halisi la barua pepe, kwa mlango wa 587 au 465. Tatu, kwenye DNS (mipangilio ya jina lako) hakikisha kuna rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina lako, na ya DKIM, inayothibitisha saini ya barua pepe zako. SPF iwe moja tu. Aliyeongeza huduma ya pili ya barua pepe akaandika SPF ya pili ameziharibu zote mbili; watumaji wote waingie ndani ya mstari mmoja unaoanza na v=spf1.