Swali la lugha: "utambuzi wa mwendo" au "utambuzi kwa mwendo"?

Msomaji mmoja wa Kijitonyama, anasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta hapahapa Dar, ametuandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Utafiti wangu ni wa kamera kumjua mtu kwa jinsi anavyotembea. Tasnifu naandika kwa Kiingereza ila fomu ya ridhaa ya washiriki lazima iwe ya Kiswahili. Nikaandika 'utafiti wa utambuzi wa mwendo kibayometriki' (yaani kwa vipimo vya mwili au tabia za mtu), nikawapa majirani waisome kwanza. Kijana mmoja akaniuliza kama natoka kwa watu wa mwendokasi, mama mmoja akadhani napima maradhi ya miguu akataka nimwangalie goti. Msimamizi wangu anasema nibaki na 'geiti' (gait ya Kiingereza, jinsi mtu anavyotembea), rafiki yangu anasema 'miondoko', mwingine 'utembeaji'. Nishike lipi? Alafu ni utambuzi au utambulisho? Na zile silueti (picha za umbo la mtu tupu, bila sura wala rangi) niziite vivuli? Wingi wa mwendo je?"

Marahaba mdogo wangu. Hao majirani zako wamekusaidia kuliko kamusi, manake wamesoma kile ulichoandika na wakaelewa kile ulichoandika, sio kile ulichokusudia. Neno mwendo halina shida yoyote. Shida ipo kwenye hiyo "wa".

Ukisema utambuzi wa kitu fulani, hicho kitu ndo kinachotambuliwa: utambuzi wa vipaji, utambuzi wa kaya maskini, utambuzi wa mipaka ya kiwanja. Kwahiyo "utambuzi wa mwendo" msomaji anaelewa mwendo ndo unaochunguzwa, ni wa haraka au wa taratibu, ni mzima au una hitilafu, na tafiti za namna hiyo zipo kweli, kuna simu zinazojua sasa hivi unatembea au unakimbia au unapanda ngazi, kuna madaktari wanaoangalia mwendo wa mgonjwa wa Parkinson kuona ugonjwa umefika wapi. Yule mama hakukosea hata kidogo. Kwako wewe anayetambuliwa ni mtu, mwendo ni nyenzo ya kumtambulia, na nyenzo kwa Kiswahili inachukua "kwa": unakata kwa kisu, unasafiri kwa treni, unamjua mtu kwa sauti.

Na mfano mzuri Watanzania wote tunao, tuliusikia redioni kila siku kuanzia 2019 mpaka Januari 2020 watu wamepanga foleni: usajili wa laini kwa alama za vidole. Angalia sentensi ilivyopangwa. Laini ndo inayosajiliwa, ikapewa "wa" yake kupitia neno usajili, "usajili WA laini". Vidole ndo nyenzo, vikapewa "kwa". Hakuna aliyedhani anakwenda kusajili vidole vyake. Basi na wewe fuata njia hiyohiyo: utambuzi wa mtu kwa mwendo wake. Kwenye kichwa cha habari ukitaka kifupi, "utambuzi kwa mwendo" inatosha, ila ile sentensi ya kwanza ya fomu lazima mtu atajwe, tena ningependa uitumie kama kitenzi kabisa, "kumtambua mtu kwa mwendo wake".

Hapa nataka uone kitu ambacho mimi kinanifurahisha sana. Sentensi ya utafiti wako Waswahili wanayo siku zote. Jioni giza linaingia, mtu anakuja kule mwisho wa mtaa, sura huioni, nguo huzioni vizuri, lakini unasema "yule ni fulani, nimemjua kwa mwendo wake". Na hicho hasa ndicho wanasayansi walichoanza nacho. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, alionesha kwamba ukiona vinukta vya mwanga tu kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani, mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo vya miguu, unajua papo hapo kuwa huyo ni binadamu anatembea. Mwaka 1977 Cutting na Kozlowski wa Marekani wakaenda mbele, wakawapa watu vinukta hivohivo vya marafiki zao, na wakawatambua zaidi ya vile ambavyo wangepata kwa kubahatisha. Kompyuta zimekuja baadaye. Kwahiyo usione kama unalazimisha Kiswahili kibebe jambo la kigeni, jambo lenyewe liko kwenye mdomo wa kila mtu wa mtaani kwako, wewe unaongeza kamera tu.

Sasa maneno mengine uliyopewa.

Geiti achana nayo. Mtu wa kawaida akiiona kwenye karatasi ataisoma geti, na getini kuna mlinzi na daftari la wageni, atadhani utafiti wako ni wa ulinzi wa mageti. Utembeaji ni neno sahihi kisarufi, litumie pale unapozungumzia tendo lenyewe kwa ujumla, ila halibebi ile tabia ya mtu mmoja mmoja. Miondoko ni neno zuri, na maana ya namna mtu anavyotembea inayo kweli, tatizo hapa mjini limeshahamia kwenye muziki, ukimwambia kijana wa Manzese "tutakurekodi miondoko yako" atauliza ni singeli au ni nini na atakuja amejiandaa kucheza. Mwenendo ndo usiliguse kabisa, ingawa limetoka kwenye "enda" kama ndugu yake: mwenendo wa mtu ni tabia zake, mwenendo wa kesi ni mambo ya mahakamani, ukiandika "tutachunguza mwenendo wako" wengi hawatasaini na watakuwa na haki.

Mwendo linabaki. Najua lina mizigo mingi, ni umbali (mwendo wa saa mbili kwa miguu), ni kasi, na hapa Dar tangu 2016 tuna mabasi ya mwendokasi kwahiyo sikio la watu linakimbilia Kimara na Kivukoni haraka. Lakini likipata mwenyewe linatulia. "Mwendo wake", "mwendo wako", "mwendo wa mtu", hapo hakuna anayefikiria basi, anafikiria namna, na Kiswahili kwenye namna kimejaa utajiri: kuna mwendo wa madaha, wa maringo, wa kunyata, kuna anayechechemea, anayejikongoja, anayepepesuka, anayeburuta miguu. Kila neno hapo linataja kitu ambacho kamera yako inakipima, urefu wa hatua, mizani ya kushoto na kulia, mwili unavyoyumba, mguu unavyonyanyuka. Ukiandika tasnifu kwa Kiswahili siku moja (natamani uandike) anza na orodha hiyo.

Hatua uiache ifanye kazi yake ndogo. Mzunguko mmoja wa mwendo unaanza kisigino kinapogusa chini mpaka kisigino hichohicho kinapogusa tena, ndani yake kuna hatua mbili, ya kulia na ya kushoto, na mguu mmoja unakuwa umekanyaga karibu asilimia 60 ya muda na uko hewani karibu asilimia 40. "Mzunguko wa mwendo" panaeleweka bila maelezo mengi. "Alama za mwendo" kwa kuiga alama za vidole, hapana, mtu ataelewa nyayo.

Utambuzi au utambulisho. Sikiliza hiyo -sh-. Kutambulisha ni kumfanya mwingine atambue, unamtambulisha mgeni, unajitambulisha ofisini, unatoa kitambulisho mfukoni. Anayetambulishwa yumo kwenye shughuli na anajua. Mwendo sio hivo, kamera iko mbali, mtu anapita zake anawaza mambo yake, hajatoa chochote wala hajagusa chochote. Huyo anatambuliwa tu. Kwahiyo utambuzi, na hii tofauti usiichukulie ni ya walimu wa sarufi peke yao, kwa mshiriki ndo kitu cha kwanza anachotakiwa kukijua kabla ya kusaini. Kama sehemu ya utafiti wako kompyuta inaambiwa kwanza "mimi ni fulani" halafu inakagua kama ni kweli, hapo tumia uhakiki, watu wamelizoea kwenye uhakiki wa laini.

Silueti usiziite vivuli. Kivuli kina kazi nyingi tayari, nakala kivuli, waziri kivuli, lakini sababu kubwa ni ya kwako mwenyewe: kwenye video mtu ana kivuli cha kweli kinachoanguka chini kwenye lami, na programu yako lazima ikiondoe isije ikakihesabu kama mguu. Utaandikaje "tunaondoa kivuli tubaki na kivuli"? Sema umbo, "umbo jeupe juu ya weusi", wingi maumbo. Ile picha inayopatikana kwa kupiga wastani wa maumbo yote ya mzunguko mmoja, ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la nishati (gait energy image), wewe iite wastani wa maumbo, ndicho ilicho, ukiweka nishati mtu atafikiria umeme.

Kibayometriki kwenye tasnifu sawa, kwenye fomu liondoe au lieleze. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 taarifa za aina hiyo ni taarifa nyeti, kwahiyo maelezo yawe wazi kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Mimi ningeandika hivi:

"Tunafanya utafiti wa kompyuta kumtambua mtu kwa mwendo wake, yaani jinsi anavyotembea. Tutakupiga video ukitembea kawaida, kisha ukiwa umebeba mzigo, kisha ukiwa umevaa nguo pana. Kompyuta ikishajifunza mwendo wako inaweza kukutambua ukiwa mbali, hata kama uso wako hauonekani. Hatupimi kasi yako wala ugonjwa wa miguu. Unaweza kukataa au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu."

Chini yake weka video itatunzwa wapi, na nani, mpaka lini. Hiyo nguo pana itaje kwa jina, dera, baibui, kanzu. Mkusanyiko maarufu wa video za watu wakitembea, CASIA-B wa China, wenye watu 124 waliopigwa kutoka pembe 11, ulitumia mkoba na koti, na joto hili la Dar koti nani atavaa. Mzigo nao, andika na ndoo ya kichwani, anayebeba ndoo shingo inanyooka na mikono haipepei kama kawaida.

Wingi wa mwendo ni miendo, ngeli ya mti na miti: mwendo huu, miendo hii. Watu kumi wana miendo kumi. Lakini mtu mmoja ukimpiga video mara sita bado ni mwendo mmoja, hizo sita ni rekodi, usiandike "miendo sita" kwenye jedwali la mshiriki mmoja, msomaji atadhani ni watu sita.