Atakayesema uji wa wasiochangia utatoka wapi, huyo ndo wangu

Mmeuliza wiki hii kwamba wanaoomba kuingia kamati ya shule mtaani kwetu wanasemaje kuhusu elimu, na kila msomaji kura yake atampa nani. Kwangu swali limekuja wakati wake kabisa maana huku Nyamagana, Mwanza, mitaa ya juu kwenye mawe tumewasikia juzi juzi tu kwenye mkutano wa wazazi, wakajieleza vizuri, halafu ilipofika kupiga kura ikaonekana akidi haijatimia, mkutano ukaahirishwa mpaka Jumamosi. Kwa hiyo maneno yao ninayo kichwani na muda wa kuyapima ninao. Jibu langu ni kwamba nitamchagua yule aliyesema waziwazi mtoto ambaye mzazi wake hajachangia uji atakunywa nini. Najua kuna watu wataona nimeshika kitu kidogo nikaacha makubwa, ndo maana naandika kirefu.

Wengi wanachanganya, kamati ya shule ya msingi sio sawa na bodi ya sekondari. Bodi wajumbe wake wanateuliwa, ila kamati sisi wazazi tunachagua wenzetu wakakae na walimu, na mwalimu mkuu ndo katibu. Kamati ipo kwenye Sheria ya Elimu ya 1978, ikaja kupata nguvu zaidi kipindi cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002 hela zilipoanza kushuka mpaka shuleni. Yani wale watu ndo wanakaa na bajeti ya shule, wanapitisha matumizi, wanatakiwa kutusomea mapato na matumizi. Sio cheo cha kukaa meza kuu siku ya mahafali.

Sasa kwenye mkutano wa kwanza kusimama alikuwa baba mmoja mkandarasi mdogo mdogo, mtu mzuri na anasaidia sana misibani, akasema akiingia yeye tutaona madarasa mapya kupitia ruzuku. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga hesabu palepale. Ruzuku ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni 6,000, maana yake mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Chukua shule yenye watoto 1,000, ni laki tano kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, kuna mitihani, kuna michezo, kuna kurekebisha mlango uliong'oka. Mwaka mzima ni milioni 6. Yale madarasa ya hela za Uviko ya 2021 kila moja lilipangiwa milioni 20. Kwa hiyo hata shule ikiacha kununua chaki miaka mitatu bado chumba kimoja hakijaisha. Madarasa yanakuja kwa hela za serikali kuu na za halmashauri, kazi ya kamati ni kusimamia yasijengwe vibaya na kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia na inayotumika, na kwa hilo yeye kama fundi angefaa sana, ila hilo hakulisema. Alisema ruzuku. Mtu anayeomba kwenda kulinda hela lazima kwanza ajue ni shilingi ngapi.

Akafuata Mwalimu, mstaafu, wengine pale mkutanoni amewafundisha. Yeye hoja yake nidhamu, kwamba watoto wa saivi wanachelewa, wanasinzia darasani, wanatoroka kwenda mwaloni kule mitumbwi ya samaki inakoshushia, na kwamba wazazi tumewafunga mikono walimu kwenye suala la fimbo. Namheshimu Mwalimu, shikamoo yangu kwake haitakwisha, lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo. Kanuni ipo, fimbo haziruhusiwi kuzidi nne, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Hakuna mzazi aliyemfunga mtu mikono, ni kanuni, na kamati ilitakiwa iwe inaomba kukiona hicho kitabu. Halafu hao wanaosinzia na kutoroka, Mwalimu ajiulize wanatoroka saa ngapi. Wanatoroka saa nne.

Saa nne ndo saa ya uji. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na uzio wa shule, kaptula na sketi za watoto wengi wa pale zimepita kwenye mashine yangu, kwa hiyo nikisema nawajua nawajua kwa sura na kwa viuno. Kengele ikigonga sufuria linatolewa, mwalimu wa zamu anakaa na daftari, mtoto anakuja na kikombe chake cha plastiki, jina linaangaliwa, kama lina tiki anamiminiwa, kama halina anaambiwa pisha. Wale wa pisha wakubwa wanaenda kucheza mpira nyuma ya vyoo wasione. Wadogo hawaendi mbali, wa la kwanza na la pili wanabaki pale karibu wamesimama. Kuna mtoto mmoja wa kike nimemshonea sketi, yeye analipiwa, anakunywa nusu anamwita mwenzake pembeni anampa kikombe kikiwa na nusu iliyobaki, na wanafanya kwa kujificha maana kikombe kikionekana kimehama mkono ni kosa. Wengine wanakuwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mfukoni waliyopewa nyumbani, hao wana nafuu. Asiye na michembe wala tiki anashuka mtaroni anateremka zake, jioni unasikia alionekana Kirumba anaokota dagaa walioanguka kwenye kupakua. Ndo huyo anayeitwa mtoro.

Sasa watu wanasema si elimu bila malipo? Ni bila ada. Tangu 2016 ada na ile michango ya lazima imeondolewa na mimi naishukuru sana serikali kwa hilo, nina watoto watatu wamepita humo humo. Ila waraka wa mwaka huo huo ulisema wazi kwamba chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, pamoja na sare na madaftari. Kwenye zile 500 za mwezi hakuna uji. Mnakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, kwetu sufuria ziliwekwa stoo kabisa maana kila mtu aliogopa kushika hata debe la mahindi la mzazi. Baadaye tukakubaliana wenyewe mkutanoni turudishe uji kwa hiari. Neno hiari ni zuri lakini matokeo yake ndo hilo daftari la tiki, mzazi ndo mwenye hiari na mtoto ndo anayeambiwa pisha.

Na sisi watu wa ziwani tuna jambo la ziada. Watoto wetu wanaoga ziwani, kichocho kipo, kwa hiyo wanapewa dawa shuleni, mnaijua ile siku mtoto anasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu ndo aambiwe vidonge vingapi. Zile dawa zinatakiwa mtu awe ameshiba. Mtoto akimeza na tumbo tupu anapata kichefuchefu, anatapika, anaenda nyumbani kusema dawa ni mbaya, na mwakani mama yake anamficha ndani siku hiyo. Kwa hiyo uji haugusi hesabu na Kiswahili tu, unagusa mpaka kichocho.

Kijana wa tatu ana duka la stationeri, huyu nilimpenda kwa kitu kimoja ambacho wenzake hawakukigusa. Alituuliza wazazi kama tunajua 2027 kuna nini, watu kimya. Ni kwamba mtaala mpya ulioanza 2024 msingi inaishia la sita, na waliokuwa la tatu mwaka ule ndo wa kwanza kuishia hapo, kwa hiyo 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja na 2028 wanaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Wa kwangu wa mwisho yumo humo. Kwa sekondari zetu za kata jinsi zilivyojaa, na kipimo cha serikali kwa darasa la msingi ni watoto 45 ambacho huku kwetu hatujakiona siku nyingi, ni jambo la kuongea kuanzia sasa na sio siku matokeo yakitoka. Hapo alisema kweli. Lakini suluhisho lake likawa kambi, la saba na la sita walale shuleni miezi ya mwisho, mzazi achangie, na wasio na hela waachwe wasome kawaida. Nikaona ni daftari la tiki lile lile limebadilishwa jalada. Vyoo pia alivitaja, kwamba tundu moja ni wasichana 20 na wavulana 25, sawa, nakubaliana naye na sina la kuongeza.

Wa mwisho ni mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, hajui kuongea mbele za watu, alianza kwa sauti ndogo mpaka wakamwambia ongeza sauti mama. Lakini ndo pekee aliyeanzia kwenye sufuria. Alisema mambo mawili. La kwanza, daftari la nani amechangia litoke mikononi mwa mwalimu wa zamu, likae kwa kamati, na saa nne kila mtoto mwenye kikombe amiminiwe, deni ni la mzazi basi lifuatwe kwa mzazi, mjumbe aende nyumbani jioni aongee na mtu mzima mwenzake. Mzazi asiye na hela aje achote maji au akoroge au aoshe sufuria, ihesabike. Pale palitokea ubishi, baba mmoja akasema wote wakinywa nani atalipa tena, watu wataacha makusudi. Ni hoja, siidharau. Mama akajibu kwamba wanaoacha makusudi kwenye mtaa tunajuana, na ni wachache kuliko wanaokosa, na kwa sababu ya wachache hao huwezi kumsimamisha mtoto wa miaka saba akiangalia wenzake.

La pili ndo lililonifanya nikae sawa kwenye kiti. Alisema tunakusanya mchango mwisho wa mwezi kana kwamba sisi wote tuna mishahara. Nusu ya mtaa wetu wanakula kwa dagaa, na dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala na siku hizo nyumbani hakuna hela hata ya chumvi. Sasa mwisho wa mwezi wa kalenda ukiangukia mbalamwezi, ambayo inatokea sana, tunawaita wavuvi wabishi na wasiojali elimu kumbe tumewaendea siku ambayo hawana. Akasema kamati ikusanye kwa kufuata giza la ziwa, na anayeweza atoe dagaa wenyewe badala ya hela, na mahindi tununue kwa pamoja baada ya mavuno bei ikiwa chini, tusubiri nini mpaka Februari debe limepanda. Nimekaa kwenye mikutano ya shule hii tangu mtoto wangu wa kwanza na sijawahi kusikia mtu akipanga jambo kwa kuangalia jinsi watu wa hapa wanavyoishi kweli.

Kuna dada yangu kwenye mkutano alininong'oneza kwamba huyu mama hana elimu ya kutosha kukaa na makaratasi ya bajeti. Mimi nilimwambia dada, mtu anayenunua dagaa kwa ndoo alfajiri, anagawa kwa visado, anakopesha wachuuzi na kukumbuka nani anadaiwa nini bila kuandika, huyo ukimsomea mapato na matumizi yenye shimo ataliona kabla yako. Na wenzake kwenye kamati wapo wa kumsaidia kusoma, yule kijana wa stationeri akiingia naye nitafurahi, nafasi sio moja. Hata yule fundi naweza kumpa mkono akija mkutano ujao akafuta habari ya ruzuku akasema atasimamia saruji.

Kitu kimoja tu mama hajanijibu. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na sisi tukianza kumimina kwa kila mtoto tutakuwa tunapika mara mbili ya sasa, kwa kuni zile zile zinazoletwa na toroli kupandisha kwenye mawe. Gesi ya sufuria kubwa kiasi kile na jiko lake ni hela ambayo haimo kwenye mahindi wala kwenye dagaa, na kwenye ruzuku haimo. Nilimfuata baada ya mkutano nikamuuliza, akasema mwanangu hilo bado naliulizia kwa mwenye mgahawa mmoja anayetumia. Jumamosi kabla hatujanyoosha mikono nitasimama nimuulize tena mbele ya wote, na wale watatu nao nitawauliza hilo hilo.