Namba mbaya nimfiche mshauri?

SWALI: Nina kisukari cha aina ya pili. Kliniki imeniunganisha na mshauri wa afya kupitia programu ya simu: natuma vipimo, naye ananiandikia. Mwanzoni nilituma kila siku. Sasa nimechoka, na sukari ikiwa juu naona aibu, situmi. Nifanyeje?

JIBU: Usimfiche. Akiletewa namba nzuri tupu, 6 na 7, huku HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ikipanda, atakosa pa kuanzia. Uchovu nao unaeleweka. Mwambie waziwazi, mpange vipimo vichache vyenye maana.

Chagua mlo mmoja. Kwa siku 3, pima kabla ya kula, kisha saa 2 baada ya tonge la kwanza. Andika umekula nini, kiasi gani, kama ulitembea, kama dawa ilisahaulika. Watu wazima wengi hulenga 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula na chini ya 10 baadaye, ila lengo lako hupangwa na daktari. Ukitoka 6.8 ukafika 12.5, mna la kujadili: kupunguza theluthi ya wanga sahanini, au kutembea dakika 15 baada ya mlo. Badilisha kimoja tu, upime siku 3 nyingine. Ukibadilisha vyote hutajua kilichosaidia.

Kabla ya kujilaumu, angalia mikono. Maji ya tunda yaliyobaki kidoleni hupandisha namba, kwa hiyo nawa kwa sabuni na ujikaushe. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kopo lake, limefungwa; unyevu huviharibu. Saa ya mashine nayo ikikosewa, kipimo cha alfajiri huingia kwenye simu kama cha jioni. Na mashine ikisoma kwa mg/dL badala ya mmol/L, gawa kwa 18: 126 ni 7.

SWALI: Usiku nilitetemeka, sukari 3.4. Nilimwandikia mshauri, akajibu asubuhi. Kwa nini alichelewa?

JIBU: Programu hizi hazikuwekwa kwa dharura. Sukari ikiwa chini ya 3.9, kunywa mara moja maji yenye kijiko kikubwa cha sukari, takriban gramu 15, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudia. Mtu akipoteza fahamu asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka. Asubuhi mpigie daktari, hasa kama unatumia insulini, au vidonge vya kisukari vya gliklazaidi au glibenklamaidi, kwa sababu dozi hubadilishwa naye, si na mshauri.